Vazi Jeupe kwa Siku Yako Kubwa

Kahawa ilikuwa haijapoa vikombeni Kipaza akaanza. Jina lake hasa ni Talha, mpagazi wa mizigo hapa Kariakoo, ila hakuna anayemwita hivyo, maana akinong'ona wanamsikia Magogoni. Alikuwa anasoma habari kwenye simu.

"Oya, sikieni! Mtaalamu kasema biashara isiyo na tovuti imekufa!"

"Yangu inayo tovuti," akasema Mzee Mbaruku, "na imekufa vilevile."

Tukacheka, yeye hakucheka. Mbaruku anauza sanda, duka alilorithi kwa baba yake, liko hapo nyuma ya birika langu, hapa ninapouza kahawa. Bafta, karafuu maiti, marashi, ubani, kila cha kumsitiri marehemu unakipata. Mwezi uliopita Ansbert, kijana wetu wa kompyuta tunayemwita Mitandao, akamtengenezea tovuti. Tangu hapo dukani hata nzi haingii.

"Juzi kulikuwa na msiba mtaa wa pili tu hapo," Mbaruku akaendelea. "Vijana wakafungua tovuti yangu, wakadhani nimeacha sanda. Wameenda kununua Buguruni! Mwezi mwingine wa namna hii, nafunga duka la baba."

Ansbert akaweka kikombe chini. "Mzee wangu, tatizo si maandishi. Maandishi yale yanavutia."

"Yanamvuta nani? Hebu nisome." Kipaza akasimama kabisa, kama anahutubia mkutano. "'Weupe Koleksheni! Vazi jeupe la kipekee, kwa siku yako kubwa!' Mh! 'Usisubiri, wahi sasa, nafasi ni chache!' Nafasi za wapi, Mitandao? Za makaburini?"

"Hiyo ni lugha ya kuhamasisha, kaka."

"Unamhamasisha mtu afe? Na hii je: 'Hakuna mteja wetu aliyewahi kurudisha bidhaa!'"

"Hapo hajasema uongo," nikasema, nikimwongezea kahawa.

"'Ukilivaa mara moja, hutalivua!'"

"Astaghfirullah," Mbaruku akashika kichwa.

"Sasa neno sanda liko wapi?" Kipaza akauliza. "Nimeshuka mpaka chini kabisa, sijaliona."

"Linatisha!" Ansbert akaruka. "Mtu akifungua tovuti akakuta sanda, anafunga palepale. Mimi nataka atulie, asome, afurahi."

"Afurahi huku kafiwa? Acha kutuzingua, mwanangu."

Ansbert akaona kazidiwa, akanigeukia mimi. "Bi Mauza, wewe ni mtu mzima, waambie. Mteja si lazima kwanza avutiwe?"

"Mwanangu," nikamwambia, "siku aliyofariki mume wangu sikutafuta wa kunivutia. Nilitafuta sanda, na duka lililo wazi."

Hata Kipaza alikunywa kahawa bila kufyonza. Mara simu ya Mbaruku ikaita. Masikio yake yamezeeka, huweka sauti ya juu kabisa, kwa hiyo simu zake huwa tunazisikia wote.

"Shikamoo baba. Naitwa Ummy. Hapo ndiyo Weupe Koleksheni?"

"Marahaba mwanangu, ndiyo hapa. Pole sana."

"Pole ya nini tena, baba? Mie nina raha zangu! Siku yangu kubwa ni Jumamosi. Nimeliona vazi lenu kwenye tovuti, nimelipenda. Lina shela yake?"

Kipaza akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mbaruku akabaki anapepesa macho.

"Halafu mnakodisha? Maana nitalivaa siku moja tu, Jumapili nawarudishia."

Mbaruku akamsukumia Ansbert ile simu. "Mjibu wewe. Huyu ni wako, umemvutia."

"Dada, habari yako," Ansbert akakohoa. "Kwanza hongera. Sasa, bidhaa yetu ni suluhisho jeupe ambalo, kwa namna ya kipekee kabisa, linamsindikiza mteja katika hatua muhimu ya..."

"Kaka, sikuelewi. Ni gauni au si gauni?"

Akatuangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia, na mimi nilikuwa napanga kashata zangu. Akafumba macho.

"Dada, ni sanda."

Yowe lililotoka kwenye ile simu, hata wauza vitunguu wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Kisha simu ikakatika.

"Umeona?" Kipaza akapiga paja. "Neno moja tu, kaelewa!"

Ansbert akatoa simu yake mfukoni, akafungua tovuti, akafuta Weupe Koleksheni yote, na siku kubwa, na nafasi chache. Kidole kikabaki hewani.

"Sasa niandike nini, mzee?"

"Hilohilo ulilomwambia yule binti. Chini yake andika duka liko wapi, na kwamba saa yoyote akigonga tunafungua."

Adhana ya adhuhuri ikaanza, nikakusanya vikombe, nao wakainuka. Kipaza alikuwa keshavuka barabara, lakini tulimsikia vizuri tu:

"Na lile yowe, Mitandao, liweke kwenye maoni ya wateja!"