Sketi ya Mwavuli ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4
Ifahamike kwa wote, walio hai na watakaozaliwa: kuanzia leo mimi ni mshonaji. Sikusomea. Nilijitangaza tu, mezani, wifi alipokuwa akijisifu kwamba ukoo mzima ni yeye peke yake anayejua kushika mkasi. Nikasema sketi ya mwavuli, ile ya duara zima, ni kazi ya asubuhi moja. Ulimi huu! Mama mkwe akainuka, akaenda sandukuni, akarudi na kitambaa cha bluu alichonunuliwa na marehemu baba mkwe. Hakijawahi kuguswa na mkasi. Madukani hakipo tena. Akasema Jumapili anakwenda kwa dada yake, na angependa afike amependeza. Wifi akatabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Jumanne, tarehe 5
Upelelezi. Nimejifanya namsubiri mtu mlangoni kwa fundi cherehani, jicho mezani kwake. Siri nimeipata: kitambaa unakikunja mara nne. Kiuno unakigawa kwa sita na ushei. Unapima kutoka kwenye pembe ya mkunjo, unachora upinde, unakata. Pindo nalo unalipima kutoka pembe ile ile. Basi! Na watu wanalipia hili?

Jioni nimempima mama mkwe. Alibana tumbo. Nikasubiri. Pumzi zikamwishia, nikasoma: sentimita mia moja kamili. Akasema hiyo tepu yangu ina chuki binafsi. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba tepu haina ubaya na mtu.

Jumatano, tarehe 6
Mia gawanya kwa sita na ushei: kumi na sita. Nikaweka ncha ya tepu kwenye pembe. Nikashangaa kumi na sita ilivyo karibu. Siku zote nilidhani ni mbali zaidi. Nikakata tundu, nikakata pindo. Mlio ule wa mkasi! Nilikwishajiona na duka, cherehani tatu, na kibao cha jina langu mlangoni.

Nikakunjua. Katikati pana tundu la kupitisha kikombe.

Wifi akaingia bila hodi. Akapitisha mkono tunduni. Akauliza kama mama yake ataivaa kiunoni au mkononi, kama bangili. Akasema ngoja amwite aje ajaribu. Nikamwambia mama kalala. Mama akakohoa sebuleni.

Alhamisi, tarehe 7
Nimemwonyesha mume. Kaishika tepu, kacheka mpaka kakaa chini. Inaanzia kumi na mbili! Yeye mwenyewe alikata kipande cha mbele, akafungia mlango wa banda la kuku. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Halafu akatamka jambo la maana, la kwanza tangu anioe: tundu dogo linapanuliwa; kubwa ndilo halina dawa.

Lo! Nusura nimbebe. Nimelipanua kidogo kidogo, nikilinganisha na sketi yake ya zamani. Kiuno kimekaa! Pindo ndilo limepanda. Lilitakiwa lifunike ugoko, linaishia magotini. Nimeshona hivyo hivyo. Nitasema ndiyo mtindo.

Jumapili, tarehe 10
Mama mkwe kavaa. Wifi kakunja mikono, anasubiri mazishi yangu. Mama akajitazama kwenye kioo, akageuka, sketi ikapepea. Akageuka tena. Akasema miguu hii marehemu aliisifia mpaka anakufa, na yeye miaka yote kaificha kama kaiiba. Akaniita mwanangu, mbele ya wifi! Akatoka anatembea katikati ya njia. Nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Jumatatu. Chai imenishuka vizuri. Hata kuku nimewaona wazuri.

Alasiri wifi karudi na kitambaa chake kwapani, sauti laini, wifi yangu huku, wifi yangu kule. Nikamwambia nina kazi nyingi, lakini kwa kuwa ni yeye nitamchomeka kwenye foleni.

Jumatatu, tarehe 11
Mume kaniletea tepu mpya, nzima, inaanzia moja. Wifi nimempima asubuhi. Lakini kosa mimi silirudii: kila kipimo nimekiongezea kumi na mbili, kiuno, tundu na pindo. Mume alitaka kusema kitu. Nikamwambia akaangalie kuku wake.

Nimekata. Tundu linatutosha wifi na mimi, wote wawili kwa pamoja.