Lori la Jeshi kwa Ng'ombe Kumi

Lori la jeshi liliharibikia Igoma asubuhi ya Jumatano, na kabla fundi yeyote hajajua ugonjwa wake, Mbaruku alikwisha kujua bei yake: ng'ombe kumi.

Bei hiyo hakuipanga yeye. Aliipanga Mzee Mhoja wa Pasiansi, baba yake Kashindye, aliyemwambia bila kumung'unya maneno: "Kijana, maneno yako nimeyasikia, ni matamu. Lakini mahari ya binti yangu ni ng'ombe kumi, wenye kwato na mikia. Jumapili karani wa pamba analeta wake. Ukitangulia wewe, binti ni wako. Mwenyewe anasema anakutaka, sijui kwa nini."

Mbaruku, mzaliwa wa mjini, hakuwa amewahi kumiliki hata kuku. Alikuwa na ulimi tu, pamoja na koti zito la jeshi alilolipata zamani alipokuwa akiosha sufuria kambini. Waliomwona ndani ya koti lile walidhani amepigana vita, naye hakuwa mtu wa kuwasumbua watu kwa kuwasahihisha.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru. Kikosi kiliendelea na safari ya Musoma, kikaacha lori na dereva mmoja, koplo kutoka Songea, asubiri kipuri. Mbaruku akampelekea koplo chai na mihogo, akamwambia kuna mzee wa hapo Igoma anayelipenda sana jeshi, angefurahi kuonyeshwa gari. Kisha akaenda kwa mzee mwenyewe, Chenge, ambaye zizi lake lilijaa ng'ombe hadi ua ukaegemea nje.

"Shikamoo, mzee. Serikali ni yetu sasa. Magari ya Mwingereza tunawapa wananchi, na la kwanza nimekuwekea wewe, kwa ng'ombe kumi tu."

"Marahaba. Kwa nini mimi?"

"Mzee wangu, ningempa nani?"

Chenge alilikagua lori kama anavyokagua fahali. Akalipapasa ubavu, akayagonga magurudumu kwa fimbo, akainama kutazama tumbo. Koplo, aliyeshiba mihogo, alieleza kwa furaha: magurudumu yote yanavuta, hata kwenye matope, hapa mbele kuna winchi, waya wake unaweza kulitoa lori jingine mtoni, turubai hili halipitishi tone la mvua.

"Na tundu hilo la duara, juu ya paa?"

"Hapo anasimama askari na bunduki, mzee."

"Aa. Mimi nitamsimamisha mke wangu mdogo. Akifoka, sokoni watapisha wote."

Koplo, akidhani ni utani, alicheka hadi akashika mbavu.

Walipojitenga naye, Chenge akanong'ona, "Lakini halitembei."

"Limechoka tu, mzee. Jumatatu litakuwa zima, utalichukua." Hiyo Jumatatu, Mbaruku alitarajia kuwa kisiwani Nansio pamoja na Kashindye, wakila sato wa kukaanga.

"Na ng'ombe unawapeleka wapi?"

"Pasiansi. Kuna shughuli kidogo ya kifamilia."

"Pasiansi!" Uso wa Chenge ukang'aa. "Basi chukua wako leo, mimi nitachukua langu Jumatatu."

Mbaruku hakuamini masikio yake. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya siku mbili, na kulikuwa na uongo mmoja mzuri sana ambao sasa ungebaki bila kazi.

"Ila vijana wangu wako shambani," Chenge akaendelea, "utawaswaga mwenyewe. Na koti hilo uniachie. Mwenye lori la jeshi hawezi kulipanda na shuka la lubega begani."

Koti likavuliwa. Chenge akaingia zizini, akawachagua ng'ombe kumi mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa.

Safari ile Mbaruku hakupenda kuisimulia baadaye. Aliwasihi ng'ombe kwa lugha ya heshima, wakamkojolea viatu. Mmoja alikula mchicha wa mama muuza mboga, na mama huyo akamweleza Mbaruku mambo kuhusu ukoo wake ambayo yeye mwenyewe hakuwa akiyajua. Lakini walipofika Pasiansi, wanyama wale wakatulia ghafla, wakashika njia bila kuelekezwa, wakaingia wenyewe uani kwa Mzee Mhoja. Mbaruku akaona ni baraka. Akasafisha koo.

"Mzee, kama nilivyoahidi—"

"Mapembe! Umenenepa, mama!" Mzee Mhoja alikuwa amekwisha kumkumbatia ng'ombe wa mbele. "Na Kijivu huyu hapa! Kashindye, njoo uone, Chenge amerudisha ng'ombe zetu!"

"Ng'ombe... zenu?"

"Nilimpa anifugie, mwaka wa tatu huu. Majani ya kule ni mazuri. Kwani wewe ulidhani zizi la Msukuma lina ng'ombe wa mtu mmoja? Tangu mwezi uliopita namwagiza awarudishe, naye analia hana mtu wa kuwaswaga. Amekupa nini kwa kazi hii?"

Hapo Mbaruku akafikiri haraka kuliko siku zote. Ili kudai ng'ombe, ilimpasa aseme aliwanunua. Akisema aliwanunua, ataulizwa alilipa nini. Na lori lile lilikuwa na namba za serikali ubavuni, kubwa, zinazosomeka hata na asiyejua kusoma.

"Nimemsaidia tu, mzee," alisema.

Kashindye akaleta maji ya kunywa. Alitazama viatu vya Mbaruku, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Una mkono wa ng'ombe, kijana," Mzee Mhoja akasema huku akicheka kwa raha zake. "Basi Jumapili unisaidie tena. Wale kumi wa karani nao wako hukohuko kwa Chenge. Utawaswaga wewe."

Mbaruku akanywa maji yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Hao wa karani, mzee," akauliza polepole, "ni wa kwake kweli?"

Mzee Mhoja akaacha kucheka.