Nafasi Kando ya Kaburi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimenunua nyumba! Iko Ipyana, vyumba vitatu, mikakao uani. Akiba ya miaka minne imekwisha, lakini mimi ni mwenye nyumba. Muuzaji, Mzee Andongwisye, anahamia kwa mwanawe Mbeya. Uani kuna kaburi la mkewe. Kwetu Tanga wafu wana mahali pao, ila mimi ni msomi, halinisumbui. Nelson wa ofisini, mwenye nyumba mbili na wapangaji wawili, aliuliza kama nimeongea na mzee kuhusu kaburi. Wivu. Nimemwambia Jumamosi nitakuwa na mpangaji. Ofisi nzima imesikia.

Jumanne, 5 Agosti
Rangi ya krimu. Inapendeza! Kando ya kaburi kuna nafasi tupu, tambarare, imefagiliwa vizuri ajabu, kama inangoja kitu. Inangoja tangi langu la maji. Fundi Aliko aliuliza mara mbili, kwa sauti ya kumuuliza mgonjwa, kama nina hakika. Nikamwambia ajenge. Haya dada, akasema, saruji ni yako.

Alhamisi, 7 Agosti
Mzee amekuja. "Ugonile, mwanangu," akanisalimu kwa Kinyakyusa. Akalizunguka tangi. Akauliza nitalihamisha lini. Nikauliza kwa nini. Akanishangaa: yeye atalala wapi? Aliniuzia nyumba, alisema, hakuniuzia ubavu wa mkewe.
Nikajikuta namuuliza afya yake. Nzima kabisa, akasema, ndaga, asante kwa kuuliza.

Ijumaa, 8 Agosti
Mkakati. Nimetundika khanga sita kwenye kamba, kaburi halionekani. Nimempigia mzee simu: karibu siku yoyote, isipokuwa kesho.

Jumamosi, 9 Agosti
Walikuja Mwalimu Godwin na mkewe Nancy. Walisifu rangi. Walisifu madirisha. Nancy akataka kuona uani, akapenda khanga, akaifunua moja.
Mzee alikuwa amelala chali kati ya kaburi na tangi, mikono kifuani. Aliko alikuwa anampima kwa futi.
Nancy alipiga yowe. Mzee akafumbua macho, akawasalimu kwa upole. Akawatuliza: msiba wake hautazidi wiki moja. Wanaume watalala uani. Sebuleni ni akina mama tu.
Wamepanga kwa Nelson. Kumbe ana nyumba ya tatu!
Nilimuuliza mzee kwa nini amekuja leo. Alisema nilipomkataza alijua kuna jambo.

Jumapili, 10 Agosti
Aliko amebomoa msingi wa tangi. Mzee kaniletea mkungu wa ndizi, hana kinyongo. Nelson amenishauri: mwenyeji usimuulize bei tu, muulize atazikwa wapi. Niliitikia kwa kichwa. Nimejifunza.
Mchana nimeona nyumba nyingine, Ngonga. Rahisi kuliko hii! Makaburi matano, nimeyakagua mwenyewe: yamebanana, hakuna nafasi hata ya ndoo. Usalama mtupu. Kesho naomba mkopo.
Muuzaji ana wake wawili, wazima wote. Walikuwa wanafagia chini ya migomba, kila mmoja nafasi yake. Watu wasafi sana. Sikuona haja ya kuwauliza chochote.