Kibanda Kilichozeeka kwa Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mtaa unakarabatiwa! Lango la kale litasafishwa, na vibanda vyote vilivyoliegemea vitabomolewa, isipokuwa vyenye historia. Changu cha kunyolea kina historia gani? Nilikijenga mwaka juzi, mama mkwe akinishikia ngazi. Jirani yangu, fundi cherehani, ameshakubali kuhamia maduka mapya. Mwoga!

Jumanne, 4 Machi
Historia inapikwa. Nimepaka mlango majani ya chai na masizi, nikautwanga kwa nyundo hadi ukazeeka. Fundi akauliza kama nimegombana nao. Nikamwambia mlango huu ulikuwepo kabla ya babu yake. Akasema mbona jana ulikuwa wa buluu. Mwenye wivu hajibiwi.

Jumatano, 5 Machi
Amekuja mtaalamu wa mambo ya kale, mama mpole, miwani shingoni. Nimemwambia babu wa babu yangu aliwanyoa walinzi wa lango papa hapa. Machozi yakamlenga. Na mimi pia! Kibanda hakibomolewi. Nimepita mbele ya fundi mara kadhaa bila shughuli yoyote.

Ijumaa, 7 Machi
Hakibomolewi, lakini hakiingiliki! Kimezungushiwa kamba. Eti pumzi za wateja zinaozesha mbao za kale. Nimenyolea nje, juani. Upepo ukabeba nywele zote hadi kwenye gauni la bibi harusi alilokuwa akishona fundi. Aliyosema hayaandikiki. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. “Baba watoto,” akasema, “sasa historia imekutoa nje!”

Jumamosi, 8 Machi
Nimekiri. Mlango ni wangu, chai ni yangu. Mtaalamu akatabasamu: wajukuu wa watu wakubwa huwa wanyenyekevu. Nikamleta mama mkwe atoe ushahidi. Akapewa kiti na soda baridi. Akasema anamkumbuka vizuri sana babu wa babu yangu, alikuwa na mkono mwepesi. Mama mkwe!

Jumatatu, 10 Machi
Fundi amefungua duka jipya. Vioo mbele, feni juu. Ameniita, akanipa kona ninyolee bure mpaka mambo yangu yatengemae. Gauni kashalisamehe. Nimemshukuru kwa moyo wote. Nikaweka kiti changu, nikatazama huku na huku. Duka zima lingenifaa zaidi. Kesho asubuhi namnong'oneza mtaalamu: chini ya cherehani ile kuna kisima cha kale.