Msumari Mtupu Ukutani kwa Mama Mkwe

Alhamisi, 28 Oktoba
Mwanangu Clodagh, miaka minne, kaniuliza mbona hayupo ukutani kwa bibi yake. Ukuta wa ngazi! Wajukuu wote wapo, kila Halloween, usiku wa watoto kuvaa kama mizimu, picha mpya. Watoto wa wifi yangu Gráinne wana tisa. Wangu ana msumari mtupu. Picha ninazopiga mimi, mama mkwe huzishika mbali kidogo, kisha huniuliza kwa upole kichwa cha mtoto kiko wapi. Nikamwambia Clodagh mwaka huu atakuwepo. Nimeahidi. Mdomo huu!

Ijumaa, 29 Oktoba
Nimeshona shuka liwe vazi la mzimu. Clodagh akasema yeye ni ng'ombe. Nikamwambia Halloween ni ya mizimu, basi. Akasema hata ng'ombe hufa. Tumeafikiana: mzimu wa ng'ombe. Nimeongeza masikio.
Gráinne kapita, kalitazama, kauliza huyo mbwa kafungwa bandeji kwa nini. Tena, pole shoga, macho yako yamechoka. Nikashukuru. Kwa mdomo tu.

Jumamosi, 30 Oktoba
Mazoezi. Saa kumi na moja na nusu jioni jua limelalia ukuta wa mawe langoni, kila kitu dhahabu. Mtoto kasimama, hakulia, hakujikuna! Sikupiga. Taa ilikuwa bado kuchongwa, na picha bila taa si picha. Taa yenyewe ya tanipu, mzizi mnene unaokombwa ndani ukatiwa mshumaa. Mama mkwe anasema boga ni la wavivu. Tanipu ni gumu kama kisigino. Vijiko viwili vimepinda. Lakini kesho: pale pale, saa ile ile.

Jumapili, 31 Oktoba
Aibu. Niandike upesi.
Clodagh alitaka kutoka na wenzake saa kumi, wapite nyumba kwa nyumba. Nikamkatalia, mwanga bado. Akakaa mlangoni na mfuko wake mtupu, akirudia wimbo wa kuwaimbia watu ili wampe peremende. Saa kumi na moja na nusu tukatoka.
Giza tii! Nikadhani ni mvua. Kumbe saa za nchi nzima zimerudishwa nyuma kwa saa moja alfajiri ya leo, jua linazama mapema, kama kila mwisho wa Oktoba tangu nizaliwe. Simu ilijirekebisha yenyewe. Mimi sikujirekebisha.
Nikapiga hivyo hivyo, kumi na saba. Upepo ukazima mshumaa mara nne. Nikampa Clodagh simu anishikie, nikaligombeza tanipu hadi mtaa mzima ukasikia. Gráinne ndiye aliyekuwa karibu zaidi, na wanawe, mifuko imefura. Kauliza kumbe hatujaanza?
Clodagh akalia. Si machozi ya picha.
Nyumba ya kwanza, peremende zimekwisha. Ya pili, zimekwisha. Ya tatu wakampa chungwa. Aliimba wimbo mzima, beti zote, kwa chungwa moja. Akanimegea nusu.

Jumatatu, 1 Novemba
Nimekwenda kuungama kwa mama mkwe. Nikampa simu ajionee. Picha kumi na saba nyeusi kama chungu. Kufika ya kumi na nane akaangua kicheko hadi akashikilia ukuta. Clodagh alikuwa amebonyeza! Mimi huyo, taa ya simu usoni, mdomo wazi kama pango, tanipu juu. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, miaka yote nangoja zimwi la kweli kwenye ukuta huu." Akavaa koti, akaenda duka la dawa, kwenye mashine yao ya picha, kuichapisha. Nilimsihi. Nilimshika mkono. Wapi!

Jumatano, 3 Novemba
Nimetundikwa. Kwenye msumari ule ule. Chini mama mkwe kaandika: Mpiga picha, Clodagh, miaka minne. Mtoto kasimama ngazini tangu asubuhi akimwonyesha kila mtu jina lake: mimi huyu, nipo ukutani. Gráinne kaitazama kwa muda mrefu, kasema safari hii nimependeza.
Nimemwomba mwanangu radhi. Kasema sawa, ila nimpe chungwa zima. Nikaapa: mwakani atoke saa kumi, aimbe, ale, simu ibaki nyumbani. Mtoto si pambo. Nimejifunza.
Krismasi bado siku hamsini na mbili. Nimeshamwuliza jirani kama punda wake, kwa picha moja tu ya horini, hutulia mbele ya mshumaa. Kasema hatulii hata kidogo.
Tutafanya mazoezi.