Uzinduzi wa Nne wa Rolakosta ya Kariakoo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye amepata udhuru na kuniomba nimkaimu, waheshimiwa wajumbe wa bodi mlioko safarini, waheshimiwa viongozi wa mtaa, wa dini zote na wa vikoba vyote, wazee wetu, shikamooni (Wazee: "Marahaba!"), ndugu wafanyabiashara wa Kariakoo mlioacha meza zenu, na nyinyi mliokuja nazo, wanahabari, hasa wewe mwenye kamera, sogea huku kushoto kwangu, ndiyo upande mzuri, akina mama, nguzo za Wakala, na watoto wazuri, taifa la kesho na abiria wa leo. (Watoto: "Leo! Leo! Leo!") Kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajue nimemwona.

Mimi, Injinia Mtarajiwa Philemoni Kitogo, Mkurugenzi Mtendaji wa Wakala wa Miteremko na Furaha za Mjini, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao umeshatambuliwa kwa vyeti vitatu, ili kuzindua kwa mara ya nne mradi wa kimkakati wa Rolakosta ya Kariakoo, yaani ile treni isiyokwenda popote, ambayo inapanda taratibu kama bei ya tambi ikikaribia Ramadhani, ikifika kileleni inatulia kidogo ili abiria akumbuke dhambi zake, halafu inaporomoka kilomita tisini kwa saa kuelekea Jangwani. (Makofi. Mtoto mmoja anaruka juu ya ndoo.)

Wapo watu, na siwataji ingawa wamekaa safu ya tatu, wanaosema Wakala haujafanya kitu. Nawauliza: tungewajengeaje kitu ambacho sisi wenyewe hatujakipanda? Ndiyo maana tuliunda timu ya maofisa kumi na mmoja, pamoja na mke wangu kama mwakilishi wa makundi maalumu, tukaenda ng'ambo kwa ziara ya benchimaki, yaani kujilinganisha na waliotutangulia, katika bustani moja ya michezo ambayo, ndugu zangu, naipenda, siwafichi, nimeshaenda mara nne mpaka mlinzi wa getini ananiita kwa jina. Tulifika geti halijafunguliwa. Niliwapandia, ndugu zangu! (Sauti: "Asante kwa kutuchokea!") Ile nyekundu nilipanda mara sita. Ile ya kubingirika nilikaa kichwa chini miguu juu, nikaona mbingu iko chini na Ofisa Mipango yuko juu yangu anamwita mama yake. Kwenye mteremko mkuu kofia yangu ilikwenda, miwani ikaifuata, na meno ya bandia ya mjumbe mmoja wa bodi mpaka leo ni mali ya nchi ile. Kwa siku nzima nilipiga kelele za kitaalamu arobaini na mbili, na kila moja niliitolea nia: hii ya Buguruni, hii ya wakaanga samaki wa Feri, hii ya mama ntilie wote wa Mtaa wa Kongo. Jioni tukala aiskrimu, nikapanda na ile ya watoto wadogo, ile ya kiwavi, kwa sababu ripoti lazima iwe jumuishi. Na niwaambie ukweli, jioni ile nilikuwa na miaka saba. (Sauti ya mtoto wa kike: "Mimi ndo nina miaka saba!" Vicheko.)

Hongera, binti. Kaa. (Hakai.)

Sasa mafanikio. Utafiti wetu wa fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, umebaini kwamba asilimia tisini na nne ya watoto wa Kariakoo wako tayari kupiga kelele, na asilimia sita iliyobaki ilikuwa imeshaanza. Mchoro huu mkubwa nyuma yangu, mita sita kwa nne, rangi yake haichuji hata kwa jua la saa saba. Jiwe la msingi ndilo hili. Zamani jiwe likiwekwa lilikaa palepale kama mzigo uliokosa mwenyewe. La kwetu ni la kisasa, linakaa juu ya mkokoteni, tumeshaliweka Buguruni, tumeliweka Feri, tumeliweka Jangwani, ambako maji ya masika yalilibeba mita mia mbili bila tone la mafuta, na hilo tumeliripoti kama jaribio la kasi. Leo limepanda jukwaani kwa mbao hizi mbili ndefu mnazoziona pembeni. (Makofi machache. Sauti: "Lisije likahama tena kabla ya soda!")

Lakini fahari yangu kubwa ni huu ubao wa kimo. Kwenye rolakosta yoyote duniani mtoto hapandi mpaka afike mstari. Ubao huu tumekuwa nao miaka ishirini na miwili, na umepima watoto elfu kumi na nne, mia tatu na sita. Aliyefika mstari mwekundu anapewa kadi. Asiyefika anaambiwa kwa upole, "Kua kwanza, urudi mwakani." Na katika miaka yote hiyo, ndugu zangu, hakuna mtoto hata mmoja aliyepimwa na Wakala akaacha kukua. Asilimia mia moja! Nani mwingine Bongo hii ana takwimu kama hizo? (Makofi mazito kutoka kwa wafanyakazi wa Wakala.)

Naona mkono. Katibu wangu Brightness, mpe yule mama kipaza sauti, ila usikiachie. (Mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni na msichana mkononi anasogea mbele: "Shikamoo, mheshimiwa.") Marahaba, mama. Jitambulishe kwa kifupi.

("Naitwa Swaumu, nauza vitumbua hapo kona. Mwaka wa kwanza wa huo ubao nilikuwa na miaka saba. Ulinipima wewe mwenyewe, enzi hizo bado una nywele." Vicheko. "Nilipungua vidole viwili. Ukaniambia, kua kwanza, urudi mwakani. Nikala ugali, nikakua. Nikarudi, nikaambiwa jiwe limehamia Feri. Huyu hapa ni mwanangu, Siti. Leo kapimwa, kafika mstari, kadi hii hapa, ina saini yako. Tangu alfajiri ananiuliza, mama, tunapanda? Sasa mimi nimechoka, baba yangu, usiku huyu wa mgongoni hakunilaza, lakini mwanangu simdanganyi. Kama ipo, muonyeshe. Kama haipo, mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nimekua, yeye kakua. Rolakosta yako inakua lini?" Kutoka kila upande: "Jibu! Jibu!")

Swali zuri. Swali la kimkakati. Nimelipokea kama fidibaki na litajibiwa kwa maandishi. (Swaumu: "Hajui kusoma mwandiko wenu. Mwambie.") Naam. Siti, mwanangu, panda huku juu. (Siti: "Shikamoo.") Marahaba. Wewe sasa ni stekiholda, yaani mdau. Unajua rodimapu ni nini? (Siti: "Hapana.") Vizuri sana. Rodimapu ni karatasi inayoonyesha tutakapofika, hata kama hatujaondoka. (Siti: "Kwa hiyo ipo au haipo?") Ipo, mwanangu, isipokuwa haijaingia kwenye hatua ya kuonekana. (Siti anakwenda kuchungulia nyuma ya mchoro. Anarudi. "Mama! Huku kuna viazi!" Vicheko vya muda mrefu.) Ndugu wananchi, vile ni viazi vya mpito! (Siti hacheki. Anajifuta macho kwa kiganja. Vicheko vinapungua.)

Usilie, mwanangu. Brightness, mpe kalenda. (Siti anaikataa kalenda.)

Na wewe Eliasi, unapanda jukwaani kutafuta nini? (Eliasi, mwenye mkokoteni: "Bosi, tulipatana mpaka saa tano. Nautaka mkokoteni wangu, kuna mzigo unanisubiri.") Eliasi, ndugu yangu, juu ya huo mkokoteni kuna jiwe la kihistoria, haliwezi kushushwa bila gwaride, shusha basi polepole, polepole nimesema, limenikalia kiatu! (Shangwe. Jiwe linasogezwa.)

Tuendelee. Katika awamu ya pili, Wakala utajenga minara saba, mahandaki mawili na (Swaumu: "Kaka Eliasi, hizo mbao za kupandishia jiwe, mtoto anateremka salama?" Eliasi: "Dada, mimi hapa nateremsha trei za mayai kila siku. Halijawahi kupasuka hata moja.") na mahandaki mawili, nasema, yenye taa za (Swaumu anapanda jukwaani, anamkalisha Siti kwenye mkokoteni, anamfunga kiunoni kwa kanga yake. "Shika hapa na hapa. Miguu ndani. Ukiogopa piga kelele, usione haya, mdomo ni wako.") Mama Siti, hicho chombo hakijakaguliwa! (Swaumu: "Cha kwako kimekaguliwa na nani?")

Ndugu wananchi, naomba tusitoke kwenye ajenda. Geukeni huku. Takwimu ziko huku. (Eliasi anashika mikono ya mkokoteni, anaulalia kwa kifua kuuzuia, magurudumu yanagusa mbao. Kelele ya Siti inapita juu ya meza za nguo, juu ya vipaza sauti vya wauza sumu ya panya, na kuisha kwa kicheko. "Tena! Mama, tena!")

Ile... (Mheshimiwa anatafuta ukurasa.) Ile kelele naijua. Ni kama ile yangu ya tatu asubuhi, pale juu kabisa, kabla kofia haijaondoka. (Hakuna anayesikiliza. Watoto wote wamekwenda kwenye mkokoteni. Swaumu ameuchukua ubao wa kimo na kuusimamisha mwanzo wa foleni: "Mstari mmoja! Wewe mrefu, nyuma. Hakuna kusukumana, nitakutoa mimi, namjua mama yako.")

Basi, kwa mamlaka niliyonayo, natangaza kwamba mnachokiona ni Awamu ya Pailoti ya Wakala, iliyokamilika kabla ya muda wake. (Eliasi: "Wakala gani? Gurudumu langu, jasho langu!") Kwa ushirikiano na sekta binafsi. Nikisema Kariakoo, mseme inapanda! Kariakoo! (Mtoto kwenye foleni: "Zamu yangu!") Nikisema Wakala, mseme juu! Wakala! (Mzee mmoja: "Chini!")

Nihitimishe kwa shukrani, na nizisome kama zilivyoandikwa, maana leo nimeshaulizwa na mtoto na nimeshindwa kumjibu. Namshukuru Bwana Chintan wa duka la vitambaa kwa kutuazima utepe, na ndiyo maana tutaufungua fundo, hatutaukata. Namshukuru mwenye kiwanja hiki kwa kutupa nafasi hadi adhuhuri, viazi vyake vitarudi mbele. Namshukuru fundi aliyechora mchoro huu kutoka kwenye picha yangu ya safari. Mkitazama vizuri, mwenye suti aliyefumba macho kwenye behewa la mbele ni mimi. Namshukuru mkandarasi, siku atakayepatikana. Nawashukuru nyote kwa miaka ishirini na miwili ya kuuamini mradi ambao haujawahi kumjeruhi mtu hata mmoja, kwa sababu haujawahi kuwapo. Haipo, Siti. Nimesema. (Siti, kutoka kwenye foleni: "Najua! Nilishaona viazi!")

Asanteni. Brightness, nishikie miwani. Na kofia. (Mheshimiwa anashuka jukwaani, anasimama nyuma ya mtoto wa mwisho. Foleni inasogea. Anafika mbele, anavua kiatu kilichokaliwa na jiwe, anasimama wima kwenye ubao, kidevu juu. Swaumu anamtazama kuanzia kisigino mpaka utosini, anaweka kiganja juu ya kipara chake kama anayepima, anatikisa kichwa, kwa upole, na kumrudishia ile kadi ya Siti aliyoisaini yeye mwenyewe: "Bado, mheshimiwa. Kua kwanza, urudi mwakani.")