Uwanja wa Paris, Matiliku

Jumatatu, 1 Juni 1987

Nimefungiwa nyama kwa gazeti. Nimesoma kwanza, nyama ikapoa. Kumbe huko Paris kuna mashindano makubwa ya tenisi, na yanachezwa juu ya udongo mwekundu! Wanaume wazima, nguo nyeupe, vumbi jekundu. Nani huwafulia? Na hesabu yao: kumi na tano, thelathini, arobaini. Ile tano iliibwa na nani?

Halafu wazo likanijia. D.O. wetu mpya, mkuu wa tarafa, hupenda tenisi na hana pa kuchezea. Jumamosi anakuja kuteua mwenyekiti wa soko: mimi au Ndungu. Ndungu ana duka, lori na tabasamu. Mimi nina udongo mwekundu.

Jumatano, 3 Juni

Nimeita mwethya. Akina mama wa jirani wamekuja na majembe, wakiimba, kama desturi yetu mtu akiomba mikono. Mbula, mke wangu, akaniuliza, "Baba Nzuki, huu uwanja ni wa nini?" Nikasema ni wa maendeleo. Neno hilo halina swali la pili. Wakasawazisha, wakamwagia maji, wakasiliba kwa mavi ya ng'ombe hadi ukang'aa. Mavi sikuagiza! Labda na Paris hutumia. Gazeti lilikuwa limechanika hapo.

Ijumaa, 5 Juni

Chokaa tayari. Wavu sina, nimefunga kamba ya nguo. Ndungu amepita, akatazama sana, akasema, "Rafiki yangu, hapa unaanika nini?" Wivu mtupu.

Jumamosi, 6 Juni

Balaa! Nimefika na D.O., kaptura nyeupe, raketi kwapani. Uwanja umejaa ndengu! Mwethya wote wanapura kwa fimbo, Mbula mbele. Nikapiga kelele. Akajibu kwa upole kwamba ardhi iliyosilibwa hivyo, na mikono ya mwethya, wiki ya mavuno, ni ya kupuria. Kama nilitaka kitu kingine, mdomo nilikuwa nao.

D.O. ni muungwana. Akasema atapiga mpira mmoja tu, pale pembeni. Akakanyaga ndengu. Akateleza kutoka mstari hadi mstari, sawasawa na wale wa gazetini, ila wao humaliza wakiwa wamesimama. Ndungu akauliza hiyo pointi ni ya nani.

D.O. akajipangusa, akawatazama akina mama, akasema mwenyekiti ni yule anayeweza kukusanya watu wafanye kazi bila hotuba. Mbula! Ndungu akaacha kucheka. Hapo tu ndipo nilipopata nafuu.

Jumapili, 7 Juni

Kanisani tumeshukuru kwa mavuno na kwa mwenyekiti mpya. Nimesema amina kwa meno.

Jioni redio imesema Paris wamemaliza. Mwisho wa mwezi huu wanahamia Uingereza, na huko wanacheza juu ya nyasi! Nyasi mbichi, laini! Na kiti cha makamu bado kiko wazi.

Kesho naita mwethya. Safari hii sisemi hata neno maendeleo. Kisilu, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote, ameniahidi mbolea bila kuombwa, na ameniuliza mara mbili hizo nyasi zitakomaa lini. Mtu mwema sana.